Mdharau Mwiba: Tutunze Miguu Yetu Wakati wa Joto

Twaomba leo tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi huona haya kukitaja: vidole vya miguu. Kila asubuhi twanawa uso, twapiga mswaki, twachana nywele. Lakini miguu, ambayo hutuchukua shambani, masomoni, sokoni na kanisani, twaifunika na kuisahau. Nayo husahauliwa hasa wakati wa joto, ndio wakati ambao ingetupasa kuiangalia zaidi.

Kila mahali pana joto lake. Kule Lubumbashi, mwezi wa tisa na wa kumi, jua huwaka vikali kabla ya mvua kufika. Uvira na bonde la Ruzizi lote ni nchi ya joto, na wakulima wa mpunga husimama majini muda mrefu. Kisangani, karibu na ikweta, joto na unyevu havitengani mwaka mzima. Hata Bukavu, mji ulio juu kiasi cha mita 1,500, majira ya mvua hayana huruma: watu huvaa mabuti ya mpira tangu asubuhi hata jioni. Basi, katika hali hizo zote, watu huanza kujikuna katikati ya vidole. Wakiulizwa, hujibu: «Si kitu, ni jasho tu.» Lakini wazee walisema: Mdharau mwiba, mguu huota tende. Tutaona ya kwamba methali hiyo ina maana kubwa katika jambo hili.

ADUI HUYU NI NANI?

Tukiacha kipande cha mkate mahali penye unyevu, baada ya siku chache twaona juu yake kitu kama manyoya meupe au ya kijani. Hiyo ndiyo kuvu. Uyoga tunaouokota porini nao ni wa jamaa hiyo. Katika jamaa hiyo kubwa zimo kuvu chache zenye chakula chao cha pekee: hazili mkate wala mti uliooza, bali hula keratini, yaani kile kitu kigumu kinachofanya ngozi ya juu, kucha na nywele zetu. Kwa kawaida hazishuki katika nyama iliyo hai. Hukaa juu juu, katika ngozi iliyokwisha kufa, zikila polepole kama mchwa katika boriti ya nyumba.

Kwa kufuata Kifaransa, ugonjwa huu twauita mikozi; ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huuita fangasi. Kuvu za namna hiyo zikiota mwilini au kichwani mwa watoto, twasema mtoto ana choa. Basi, choa cha mtoto na muwasho wa vidole vya baba ni watoto wa ukoo mmoja.

Kwa nini kuvu hupenda miguu? Kwa sababu hutaka vitu viwili, joto na maji, na kiatu kilichofungwa huvitoa vyote viwili bure. Katika nyayo na viganja matundu ya jasho yamesongamana kuliko mahali pengine pa mwili. Mkono ukitoka jasho, hewa huukausha. Mguu ulio ndani ya kiatu hauna hewa. Jasho hukaa, ngozi hulainika na kuwa nyeupe kama ya mtu aliyefua nguo mchana kutwa, na kuvu hupata shamba lililokwisha kulimwa.

KIATU KIMELETA FAIDA, TENA KIMELETA DENI

Kuvu inayosumbua miguu ya watu wengi zaidi duniani, wataalamu huiita Trichophyton rubrum. Aliyeieleza kwanza ni mganga Mwitalia, Aldo Castellani, mwaka 1910, alipokuwa akifanya kazi katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Mtu huyo si mgeni kabisa katika habari za Afrika yetu: mwaka 1903, kule Entebbe katika Uganda, aliona vijidudu vya malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa.

Wataalamu waliofuata nyayo za kuvu hii wanaona kwamba zamani makao yake yalikuwa nchi za joto, hasa Asia ya Kusini-Mashariki na Afrika ya Magharibi. Watu wa huko walikwenda peku. Kuvu iliwapa choa mwilini, lakini miguu yao, iliyopigwa na upepo na jua, haikuipa mahali pa kukaa. Kisha wakafika wageni wenye viatu vilivyofungwa na soksi nzito. Ndani ya viatu hivyo kuvu ilipata nyumba mpya. Ikasafiri na wenye viatu mpaka Ulaya na Marekani, na vita vikuu vya karne ya 20, pamoja na mabuti ya askari na bafu za kambini, vikaizidisha. Leo imeenea duniani pote.

Habari hiyo yatufundisha nini? Je, tuvue viatu na kurudi peku? Hata kidogo! Kiatu hutukinga na funza, na miiba, na vipande vya chupa. Hutukinga na minyoo ya safura, ambayo hupenya ngozi ya mguu na kunywa damu yetu. Hupunguza pia majeraha ambayo pepopunda hupitia. Tena, katika nchi za juu zenye udongo mwekundu wa volkano, kama Ethiopia na Rwanda, kukanyaga udongo huo peku kwa miaka mingi huwaletea watu wengine tende isiyotokana na mbu. Kwa hiyo kiatu ni rafiki. Lakini ni rafiki mwenye masharti: kiatu ni nyumba ya mguu, na nyumba isiyofunguliwa madirisha huota ukungu. Anayenunua kiatu asidhani amemaliza kulipa. Amebakiwa na deni la kukitunza kila siku.

DALILI ZAKE

Ugonjwa huu huja kwa njia tatu au nne, nasi yafaa tuzijue.

Ya kwanza, na iliyo ya kawaida zaidi, ni katikati ya vidole, hasa kati ya kidole kidogo na jirani yake, kwa sababu hapo vidole vimebanana sana. Ngozi huwa nyeupe na laini, hubanduka, huwasha, hutoa harufu, mwisho hupasuka.

Ya pili ni katika nyayo. Ngozi hukauka, huwa nene, hutoa magamba madogo kama unga, na kuvu huzunguka kisigino na kando za mguu. Wengi hufikiri ni vumbi la kipwa tu.

Ya tatu ni malengelenge madogo yenye maji, hasa katika upinde wa wayo, nayo huwasha sana.

Ya nne ni kucha. Ukucha huwa wa manjano au mweupe, hunenepa, humeng'enyeka kama chaki, hata huachana na nyama yake.

Vitabu vingi vya uganga husema ngozi itakuwa nyekundu. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi. Mara nyingi mahali palipoguswa huwa pa kijivu au peusi zaidi. Kwa hiyo tusingoje kuona wekundu.

Tena, si kila ukucha mbaya una kuvu. Katika kucha zilizoharibika ambazo waganga huzichunguza, karibu nusu tu ndizo zenye kuvu. Nyingine zimeharibiwa na kiatu kinachobana, na jiwe lililoanguka, au na ugonjwa mwingine wa ngozi. Funza naye si kuvu: yeye huonekana kama uvimbe mdogo wenye nukta nyeusi katikati. Na jambo moja kubwa: ukiona baka mwilini, nawe ukiligusa kwa unyoya au pamba husikii kitu, usilipake dawa ya choa. Huenda ni ukoma, na ukoma huponywa kabisa kwa dawa za hospitali ukionyeshwa mapema.

Wanaopatwa zaidi ni watu wazima kuliko watoto wadogo: wachimbaji wa madini wa Kolwezi na Kamituga, askari na polisi, walinzi wa usiku, madereva, na wote wanaofanya kazi katika mabuti. Akina mama wana shida yao ya pekee. Mama anayefua, anayeosha vyombo na kumenya muhogo kutwa nzima, mikono yake haikauki. Kuvu ya namna nyingine huingia pembeni mwa kucha za mikono, nyama huvimba na kuuma. Dawa ya kwanza ya shida hiyo ni ile ile: kukausha mikono vizuri, tena mara nyingi.

MLANGO MDOGO, HATARI KUBWA

Sasa tunafika penye maana ya methali yetu. Muwasho wenyewe hauui mtu. Lakini ngozi ikipasuka katikati ya vidole, mlango umefunguliwa, na wezi wengine hupita papo hapo: vijidudu vya usaha. Huanza hivi: leo mtu anajikuna, kesho kutwa mguu wote umevimba mpaka gotini, una joto kama jiko, na mwenyewe anatetemeka kwa homa. Hapo tena si habari ya kujikuna. Ni kulala hospitalini, ni sindano, ni siku nyingi bila kazi, ni fedha za karo za watoto zilizokwenda katika dawa. Ugonjwa huo ukirudi mara kwa mara, njia za maji ndani ya mguu huharibika, na mguu hubaki umevimba daima. Ndiyo tende iliyotokana na ufa mdogo wa ngozi!

Walio katika hatari zaidi ni wenye ugonjwa wa sukari. Mara nyingi miguu yao imepoteza hisia na damu haipiti vizuri. Kidonda chaweza kukua siku nyingi pasipo maumivu. Wengine wamekatwa mguu kwa sababu ya kidonda kilichoanza kidogo mno. Hali kadhalika wale waliougua ukoma wakabaki na ganzi. Kama katika nyumba yetu yumo babu au bibi mwenye sukari, mjukuu mmoja apewe kazi ya kumwangalia katikati ya vidole kila jioni, penye mwanga. Macho ya kijana yataona kile ambacho mguu wa mzee hauwezi tena kusikia.

NJIA ZA KUJIKINGA

Kinga yenyewe haidai mali nyingi. Yadai desturi.

1. Tunawe miguu kila siku kwa maji na sabuni, kisha tuikaushe. Neno kubwa ni hilo la kukausha. Wengi hunawa vizuri, halafu huvaa soksi juu ya maji. Kitambaa kipite katikati ya kila kidole, kimoja kimoja. Anayenawa bila kukausha ameinywesha kuvu maji.

2. Kila mtu awe na kitambaa chake. Kitambaa kinachopita miguu yote ya nyumba hugawa ugonjwa kwa haki kamili, bila kumsahau hata mmoja! Tena miguu ikaushwe mwisho, baada ya mwili wote. Mwenye muwasho wa miguu avae soksi kwanza, ndipo avae nguo ya ndani. Asipofanya hivyo, nguo hupita juu ya vidole na kupeleka kuvu mpaka kwenye kinena.

3. Soksi za pamba zibadilishwe kila siku, na mara mbili ikiwa jasho ni jingi. Mwenye jozi mbili tu afue moja kila jioni. Soksi za mgonjwa zifuliwe kwa maji ya moto sana.

4. Kiatu kipumzike. Kiatu kilicholowa jasho hakikauki kwa usiku mmoja. Mwenye jozi mbili avae hii leo na ile kesho. Mwenye jozi moja alegeze kamba, avute ulimi wa kiatu nje, akiweke juani au penye upepo mara afikapo nyumbani. Kiatu kilicholowa mvua kijazwe karatasi za gazeti kuukuu, nazo zibadilishwe zikisha kunywa maji. (Hata gazeti hili likisha kusomwa na nyumba nzima laweza kufanya kazi hiyo.)

5. Mabuti ya mpira yavaliwe wakati wa kazi, yavuliwe kazi ikiisha. Yamwagwe maji, yafutwe ndani, yatundikwe juu ya vijiti midomo ikitazama chini. Nyumbani tuvae kandambili, kusudi vidole vipate hewa.

6. Katika bafu za watu wengi, kama zile za wanafunzi wanaolala shuleni, za kambi na za hospitali, tusikanyage peku. Magamba ya ngozi ya mgonjwa mmoja huanguka sakafuni, na katika unyevu yaweza kukaa muda mrefu yakingoja mguu mwingine.

7. Kucha zikatwe kwa kunyooka, zisiwe ndefu wala fupi mno, na wembe au mkasi usipite mikono ya watu wengi. Anayekata ukucha wenye ugonjwa asitumie mkasi huo huo kwa kucha nzima kabla ya kuuosha vizuri.

8. Viatu vilivyokwisha kuvaliwa na wengine, tunavyovinunua katika soko la mitumba, visivaliwe siku ile ile. Vifutwe ndani kwa maji ya sabuni, ukindani wa zamani utolewe na kubadilishwa, kisha vianikwe mpaka vikauke kabisa. Hali kadhalika viatu vya dominika ambavyo ndugu wawili huazimana: yafaa zaidi kila mmoja awe na vyake, hata viwe vya bei ndogo.

DAWA ZA KWELI NA DAWA ZA UONGO

Kama ugonjwa umekwisha kuingia, tusikate tamaa. Mikozi ya ngozi hupona kwa dawa ya kupaka. Dawa ya zamani, ambayo bei yake si kubwa, ni mafuta ya Whitfield, yaliyopewa jina la mganga Mwingereza Arthur Whitfield. Yamechanganywa asidi benzoiki sehemu 6 kwa mia na asidi salisiliki sehemu 3 kwa mia. Penye ngozi iliyopasuka huchoma, kwa hiyo hapo yafaa krimu nyingine, kama ile ya klotrimazoli au ya mikonazoli. Muuguzi wa kituo cha afya ataonyesha ipi yafaa.

Kosa letu kubwa ni haraka. Baada ya siku tano muwasho umetulia, nasi twatupa dawa. Lakini kuvu haijafa, imejificha tu. Krimu hizo mbili huhitaji kupakwa majuma kadhaa, na kuendelea juma moja au mawili baada ya dalili kwisha. Tena wote wenye dalili katika nyumba watibiwe pamoja. Akitibiwa mmoja, huyu anapona na yule anamrudishia.

Kucha zadai uvumilivu zaidi. Dawa ya kupaka haipenyi vema ukucha ulionenepa. Mara nyingi hutakiwa vidonge vya kumeza, pengine majuma 12 kwa kucha za miguu. Vidonge hivyo vyaweza kudhuru ini la watu wengine, basi visimezwe bila amri ya mganga. Na hata kuvu ikiisha kufa, ukucha ulioharibika haugeuki kuwa mzuri. Ni lazima mpya uote kutoka mzizi. Ukucha wa kidole gumba cha mguu huota taratibu mno, huchukua miezi 12 hata 18 kumalizika. Asiyejua hayo husema, «Dawa imeshindwa,» kumbe dawa imeshinda na ukucha ungali njiani.

Lakini yapo mambo ya kukataza kwa nguvu. Wapo wanaopaka mafuta ya taa, petroli, au maji ya betri. Maji ya betri ni asidi kali: huunguza ngozi, na palipokuwa na ufa mmoja huwa kidonda kizima.

Hatari nyingine imejificha katika tyubu nzuri. Madukani huuzwa krimu zenye dawa za jamii ya kotizoni, kama klobetazoli na betametazoni. Ndizo zile ambazo wengine huzitumia kuchubua ngozi ili waonekane weupe. Mtu akizipaka penye kuvu, muwasho hutulia upesi, naye hufurahi. Kumbe dawa hiyo haikuua adui, imewalaza walinzi. Kinga ya ngozi imenyamazishwa, na kuvu yaenea kimya kimya, hubadili sura, hata mganga mwenyewe hupata shida kuitambua. Kabla ya kununua krimu yoyote, mwanafunzi anayejua kusoma awasomee wazazi wake majina yaliyoandikwa juu ya tyubu. Hiyo ni faida moja ya masomo.

Mguu ukivimba, ukiwa na joto, ukitoa usaha, au mtu akishikwa na homa, asingoje krimu wala shauri la jirani. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwenye sukari aende hata kwa ufa mdogo.

NENO LA MWISHO

Sisi walimu twawahimiza wanafunzi waonyeshe daftari safi na mikono safi. Na tuongeze miguu. Wazazi nao, jioni watoto wakisha kuoga, wasiulize tu, «Umenawa miguu?» Waulize, «Umekausha katikati ya vidole?» Kitambaa kidogo na nusu dakika kila jioni, basi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa huu tunaousema leo, kila mmoja wetu aweza kuutafuta usiku huu huu, kabla ya kuzima taa.